Joto Kidogo

Kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, ninatia chupa ya dawa ya picha ndani ya ndoo ndogo ya maji ya vuguvugu, ninatumbukiza kipimajoto cha kuogeshea watoto wachanga, kisha ninakunywa chai. Kisanduku cha kupashia dawa kiliharibika mwezi wa tatu. Tuliandika barua mbili, tukajibiwa kwamba ombi limepokelewa. Dawa hiyo ikiwa baridi huwa nzito, na pampu huisukuma kwa kukoroma. Ikifika joto la mwili inateleza vizuri. Zote mbili, dawa na chai, huchukua dakika kumi na tano, na hizo ndizo dakika pekee za siku nzima ambazo hakuna anayeniuliza kitu.

Ijumaa ile zilikuwa zimepita nne tu mlango ulipofunguliwa bila hodi.

"Iko wapi ile dawa?" aliuliza mwanamke mmoja mwenye kitenge cha njano. "Tunataka tuione kwanza, mbele iingie mu papa."

Nilikuwa na kikombe mdomoni. Nilionyesha ndoo kwa kidole.

Aliinama akaitazama chupa. "Mais... lakini hii ni maji."

"Si maji. Haina rangi tu."

"Banasema ni dawa ya rangi."

"Watu huiita hivyo. Haina rangi. Inaonekana ndani ya mashine peke yake."

Alinitazama kama mtu anayeuziwa kitambaa kilichotoboka. Huyo alikuwa Wivine. Nyuma yake alisimama baba yake, mzee Xavier, mrefu, amekonda, amevaa koti la suti na kushika kofia kwa mikono miwili. Walitoka upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, miaka mitatu iliyopita, vita vilipokaribia, na sasa mzee ana duka la maharage Bwera. Hospitali moja ya Bwera ilimpiga picha ya mawimbi, ikaona kitu kwenye ini chenye ukubwa wa yai la kuku. Picha ya mawimbi haikuweza kusema ni yai la nini. Kwa hiyo walitumwa kwetu Kasese, kwenye mashine kubwa.

Nieleze hapa jambo moja, maana yote yaliyofuata yamo ndani yake. Tunapompiga mtu picha ya ini, dawa huingizwa kwa pampu kwenye mshipa wa mkono, na mashine hupiga mara kadhaa kwa saa ya sekunde. Uvimbe mbaya hunywa dawa haraka. Unang'aa kwenye sekunde thelathini na tano za kwanza, halafu unafifia wakati ini lote limeng'aa. Uvimbe wa mishipa ya damu tu, usio na neno, hujaa polepole kutoka pembeni kwenda katikati. Ukikosa zile sekunde za kwanza, umekosa jibu. Na mzee Xavier alihitaji jibu kabla ya Alhamisi iliyofuata, kwa sababu madaktari wa upasuaji wa ini hukaa pamoja Mbarara mara moja kwa mwezi. Yai kama lile, likiwa moja na likiwahiwa, linaweza kukatwa. Likisubiri mwezi mwingine, hakuna anayejua.

Chuoni tulifundishwa sentensi ya kumwambia kila mgonjwa. Mwalimu alitusimamisha mmoja mmoja tuiseme mbele ya darasa, na mimi niliisema nikitazama viatu vyangu. Sentensi ni hii: dawa ikiingia utahisi joto likishuka mwilini hadi chini, na utadhani umejikojolea, hujajikojolea, usisogee.

Kituoni kwetu tuligawana kazi. Wanawake na vijana ninawaambia mimi. Wazee wa kiume anawaambia Mumbere, nesi wetu, ambaye haoni haya kwa lolote. Mpango huo ulifanya kazi mwaka mzima.

Mumbere aliingia na trei ya sindano, akamwona mzee Xavier, akageuka na trei yake akatoka. Nilimfuata kwenye korido.

"Yule ni baba mkwe," alisema kwa kunong'ona.

"Mkwe wako yuko Kagando."

"Huyo ni moja. Hii ni ndugu yake. Mke yangu anaita hii baba, kwa hivyo ni baba mkwe, hakuna punguzo."

"Lakini utamwekea sindano?"

"Sindano ni mkono. Mkono naweza, nikiangalia ukuta. Ile maneno ingine, hapana. Nimwambie mkwe wangu mambo ya mkojo, halafu Jumapili nikae wapi?"

"Na mimi je? Mimi ni msichana, Mumbere."

"Wewe ni musawo. Daktari haina umri."

"Sema naye Kikonzo basi, lugha yenu wote wawili, usimtazame. Mtaelewana vizuri kuliko mimi." Mimi ni Mkiga wa Mubuku. Kikonzo changu kinatosha kununulia nyanya.

"Kikonzo ndio mbaya zaidi," alisema. "Kwa Kikonzo ataelewa yote."

Alimwekea mzee sindano kweli, shingo imegeukia ukutani kama mtu anayesoma kalenda, na mara mbili nilidhani atautoboa mkono wake mwenyewe. Kisha akatoka. Nikabaki na mzee Xavier amelala kitandani kwa gauni la hospitali, miguu yake mirefu imetokeza, na Wivine amefukuzwa nje. Mzee alikuwa na umri wa baba yangu na zaidi. Alikuwa ameikunja suruali yake vizuri, mistari ikilingana, akaiweka kwenye kiti na kofia juu yake.

"Papa," nilisema, "dawa ikiingia utasikia joto."

"Joto ya nini?"

"Joto kidogo."

"Ya ku mukono?"

"Ya kila mahali. Kidogo tu. Usisogee."

"Haina neno," alisema. Nikaenda nyuma ya kioo, nikiwa na hakika kwamba mzee mtulivu kama yule atakaa bila hata hiyo sentensi.

Kwenye sekunde ya ishirini na nane aliinuka.

Aliinuka wima, mara moja. Mpira wa dawa uling'oka mkononi, na ile dawa iliyobaki pamoja na maji ya chumvi yanayoisukuma yakamwagikia gauni na shuka kabla sijaizima pampu. Nilipoingia alikuwa amesimama kando ya ukuta, ameshikilia gauni mbele kwa mikono yote miwili, anaitazama shuka. Palikuwa na alama ya majimaji katikati, pana kama sinia.

Sikutaka aendelee kuitazama. Nilimhurumia, na mimi nikihurumia mtu mikono yangu hufanya kazi kabla ya mdomo. Niliikunja ile shuka haraka, nikaisukumiza ndani ya ndoo ya nguo chafu, nikafunga kifuniko, nikampa suruali yake bila kuinua macho.

"Pardon, mutoto," alisema polepole.

Nilidhani anaomba radhi kwa ajili ya picha.

Nje, Wivine alitaka kujua tumemfanya nini baba yake. Nilimwambia ni lazima akae saa moja tumwangalie, na kwamba leo na kesho anywe maji mengi ili figo ziisafishe dawa. Mzee aliketi saa yake moja bila kuegemea kiti. Mwishoni alisema, "Twende," na lilikuwa neno lake la pekee.

Kuna fomu ya kujaza picha isipokamilika. Ina visanduku vitatu: mashine, dawa, mgonjwa. Hakuna kisanduku cha mpiga picha. Nilitia alama kwenye mgonjwa, na kwenye mstari wa maelezo nikaandika kwamba hakushirikiana. Kuliandika neno lile hakukunichukua muda wowote.

Jioni ile Daktari Byamukama, anayesoma picha zetu kutoka Mbarara, alipiga simu.

"Evas, umenitumia nini? Hapa naona ini linacheza ngoma."

"Mgonjwa alisogea, Daktari."

"Alisogea au alihama? Picha ya mwisho haina hata mtu ndani."

"Alihama kidogo."

"Chupa ngapi zimebaki?"

"Moja."

"Na nyingine zinakuja lini?"

"Hawajasema."

Alivuta pumzi, nikaisikia njia nzima kutoka Mbarara. "Kwa fomu yako ni mtu asiyeshirikiana. Sasa sikiliza. Jumatano nina nafasi ya kuisoma papo hapo. Mlete kama una hakika atalala kama gogo. Kama huna hakika, kuna mama wa Katunguru naye anaisubiri hiyo chupa. Una hakika?"

Nilipaswa kumwambia hapo hapo kwamba kosa ni langu. "Nitaongea naye," nilisema, na hilo halikuwa jibu la swali lake.

Kuongea naye kwenyewe kulikuwa hivi. Jumamosi nilimpigia Wivine, akasema papa amekataa. Jumapili nilipiga, amekataa, na wageni wamekuja kumshauri, amewakataa nao. Mmoja alisema ile mashine inavuta nguvu za kiume. Mwingine alisema shida ni mashine ya Uganda, angeenda Kigali. Wa tatu aliombea mtungi wa maji. Mumbere alimtuma mke wake, naye akarudi na debe la maharage bila jibu.

"Uliuliza nini?" nilimwuliza Mumbere Jumatatu.

"Mke yangu aliuliza kama dawa ilimwuma. Akasema hapana. Akauliza kama aliogopa. Akasema hapana. Akampa maharage."

"Na wewe hukumwambia mkeo amwulize lile jambo?"

"Jambo gani?"

"Lile."

"Evas, wewe mwenyewe huwezi kuitaja hapa korido, kwa mimi. Unataka mke yangu aitaje kwa baba yake?"

Nilimwacha nikampigia tena Wivine. Nilimwuliza kama mzee anakunywa maji kama nilivyoagiza, maana hilo lilinisumbua.

"Maji?" alisema. "Papa hapana kunywa maji tangu vendredi, tangu ile picha. Kikombe moja asubuhi, kwisha. Midomo inapasuka. Na anakalia taulo. Mama aliuliza taulo ya nini, akanyamaza. Vraiment, dada, mulimufanya nini? Aliondoka huku anatembea muzuri, sasa anatembea kama mutu anabeba mayayi."

Nilikaa kwenye kiti changu cha nyuma ya kioo. Niliona tena ile alama pana kwenye shuka, na mikono yangu ikiikunja mbiombio, na macho yangu yaliyoinama. Aliona joto likimshuka hadi chini. Akainuka, akakuta shuka imelowa. Halafu msichana akaja akaificha bila kusema neno, vile mtu anavyomfichia mwenzake aibu. Kama ningekuwa na nia ya kumthibitishia kwamba amejikojolea, nisingeweza kufanya vizuri zaidi.

"Wivine," nilisema, "mwambie papa kwamba..."

"Nimwambie nini? Sema."

"Kwamba lile joto ni la kawaida."

"Joto, joto. Minamwambia hiyo mara kumi."

"Joto lenyewe linashuka."

"Linashuka wapi?"

Mlango wa kituo ulikuwa wazi, na wagonjwa wawili wamekaa kwenye benchi. "Linashuka tu," nilisema. "Kesho nitakuja mwenyewe."

Jumanne ni siku ya soko la Mpondwe, na siku ya soko Bwera yote hufurika. Mumbere alikuja nami, kwa sababu mke wake alisema asipokuja asirudi. Alibeba nanasi. Tulipofika dukani kwa mzee Xavier alinikabidhi hilo nanasi, akasimama nje kwenye kizingiti, mgongo kwetu, akitazama barabara kana kwamba ameajiriwa kuilinda.

Duka lilikuwa na magunia ya maharage yaliyofunguliwa midomo: mekundu, ya manjano, yale madogo meupe, na ya madoadoa. Wanawake watatu waliovuka daraja la mpakani asubuhi walikuwa wanachagua, wakibishana na Wivine kuhusu kopo la kupimia. Mzee Xavier aliketi kwenye kiti nyuma kabisa, koti lile lile, na chini yake taulo la kijani limekunjwa mara nne. Wivine alisema kweli kuhusu midomo.

"Papa, shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mutoto. Kalaka." Alinionyesha gunia. Niliketi na nanasi langu mapajani.

"Nimekuja kwa ajili ya kesho."

"Kesho niko na kazi."

"Daktari anasubiri picha. Alhamisi wanakaa. Ile ya kwanza haikutoka, papa, na bila hiyo hawawezi kujua kama..."

"Minajua. Wivine anasema kila saa." Alinena bila hasira. "Mutoto, weye haukunifanya mubaya. Mashini haikunifanya mubaya. Miye ni muzee. Mambo ya buzee ikishaanza, mutu anakaa kwake."

"Si mambo ya uzee."

"Ni ya nini sasa?"

"Ni lile joto," nilisema.

Alifumba macho. "Joto kidogo," alisema. "Mulisema joto kidogo."

"Halikuwa kidogo. Nilipaswa kueleza zaidi. Dawa inapanua mishipa, papa, na damu ya moto inakwenda sehemu za... inakwenda sehemu zote, na mtu anaweza kuhisi kitu ambacho hakipo."

"Kitu gani?"

"Hali fulani."

"Mama yangu," alisema mmoja wa wanawake wa maharage, ambaye alikuwa ameacha kuchagua. "Huyu mutoto anasema sawa mutu anatembea mu giza."

"Muache aseme," alisema Wivine, mikono kiunoni. "Tangu samedi anapiga simu, anasema, na hajamaliza sentensi moja."

Kwenye kizingiti Mumbere alikohoa. Nilitumaini anataka kunisaidia. Alikuwa anakohoa tu.

"Ni kama haja," nilisema. "Haja ndogo. Si haja yenyewe, lakini..."

Mzee Xavier aliinuka. Aliinuka kwa utaratibu, akachukua taulo lake chini, akaliweka kwapani, akavaa kofia. "Aksanti kwa nanasi," alisema. "Salimia batu ya Kasese." Akaanza kupita kati ya magunia kwenda mlango wa nyuma, akitembea vile vile alivyosema Wivine, taratibu, magoti yamekaribiana.

Nilijua akitoka kwa mlango ule chupa itaenda kwa mama wa Katunguru, ambaye naye ana haki yake, na yai litabaki mahali lilipo mwezi mwingine. Nilisimama. Nanasi lilianguka ndani ya maharage meupe.

"Papa, hukujikojolea."

Sauti yangu haijui kiasi. Huwa haisikiki, au inasikika hadi barabarani. Kopo la Wivine lilisimama hewani. Mumbere aliondoka kizingitini, nikamwona akivuka barabara moja kwa moja bila kutazama magari.

Mzee Xavier alikuwa amenipa mgongo. "Shuka ilikuwa na maji," alisema kwa mlango.

"Yalikuwa maji ya pampu. Mpira uling'oka mkononi mwako, ukamwaga dawa na maji ya chumvi juu ya shuka. Niliona kwa macho yangu. Yangetokea kwako, gauni lingelowa kutoka ndani. Lililowa kutoka juu."

"Na weye ukakunja shuka mbio."

"Ndiyo."

"Haukuniangalia."

"Ndiyo."

"Mutu anafanya vile akiona haya."

"Niliona haya. Haya yangu, papa, si yako. Kuna maneno nilifundishwa kumwambia kila mtu kabla ya dawa kuingia, na nikakuona wewe ni mzee, umekunja suruali yako vizuri, nikashindwa kuyasema. Halafu nikaandika kwenye karatasi kwamba wewe ndiye uliyekataa. Hukukataa. Leo nitampigia daktari nimwambie ni mimi."

Aligeuka. Taulo lilikuwa bado kwapani. Wanawake wa maharage hawakujisumbua tena kujifanya wanachagua.

"Ayaseme sasa, yale maneno," alisema yule aliyezungumza mwanzo, kama mtu anayedai nyongeza ya kopo.

Mzee hakumkemea. Alinitazama tu, akisubiri, na macho yangu yalitaka sana kwenda kwenye viatu.

"Kesho dawa itaingia mkononi," nilisema, "na kwa nusu dakika utahisi joto linashuka kifuani, tumboni, mpaka chini kabisa, na utaamini umejikojolea. Kila mtu anaamini hivyo. Wanawake, wanajeshi, hata padri mmoja aliniuliza. Hutakuwa umejikojolea, papa. Usiinuke, usishike gauni. Na ukiona nimekuja mbio, nitakutazama usoni."

Mzee Xavier aliliweka taulo juu ya gunia, akamwomba Wivine kikombe cha maji, akauliza kesho afike saa ngapi.